Je, Anayeshukuru Ameridhika?

Wahenga walisema, Mchagua jembe si mkulima. Wakasema tena, Mchagua nazi hupata koroma. Mtu akizisikia methali hizi mbili pamoja aweza kudhani ya kuwa wazee hawakumpenda kabisa mtu mwenye kuchagua. Walimwona kuwa ni mvivu atafutaye udhuru, ama mwenye tamaa ambaye mwisho wake ni hasara. Methali hizo ni za kweli mahali pake. Lakini siku hizi twazisikia zikisemwa mahali ambapo, kwa maoni yetu, si pake, nako ni barazani kwa zahanati, ambapo mama mjamzito ameketi juu ya benchi akingoja kuitwa. Akiuliza neno huambiwa, “Mgonjwa hachagui.” Akinyamaza husifiwa kuwa ni mtu mwema.

Basi mwezi huu twapenda kufikiri pamoja na wasomaji wetu juu ya swali hili: Je, mgonjwa, hasa mama katika mambo ya uzazi, anayo haki ya kuchagua, au wajibu wake ni kutii na kushukuru tu? Na akishukuru, je, shukrani yake yatosha kuonyesha ya kuwa ameridhika?

Tutaanza na habari moja tuliyoiona wenyewe. Katika kijiji kimoja cha mkoa huu wetu wa Katavi yuko mama mmoja, jirani yetu, ambaye jina lake hatutalitaja. Alipofikiwa na uchungu wa mtoto wake wa tano ilikuwa masika, na njia ilikuwa matope matupu. Mumewe alimpakia juu ya pikipiki ya kukodi, wakasukuma zaidi ya walivyopanda. Walifika salama, naye akajifungua salama mtoto wa kike. Kesho yake, kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, muuguzi alimtia kijiti mkononi, akamwambia, “Sasa una watoto watano, mama, hiki kitakupumzisha.” Yule mama akaitikia kwa kichwa. Alipokuwa akitoka, mtu mmoja mwenye karatasi alimwuliza, “Mama, umeridhika na huduma?” Naye akajibu, “Nimeridhika, nashukuru sana.” Karatasi ikatiwa alama, na habari ikaishia hapo kwa upande wa karatasi.

Lakini kwa upande wa yule mama haikuishia hapo. Juma la tano alikuja nyumbani kwetu, akaketi mkekani na mama wa nyumba, wakawa wanamenya mihogo. Baada ya kitambo akasema, “Mama Mwalimu, hiki kitu kitakaa mkononi mwangu mpaka lini?” Hakuwa amejua. Viko vijiti vya miaka mitatu na viko vya miaka mitano, wala hakuambiwa chake ni kipi. Hakuambiwa ya kuwa damu yake ya mwezi yaweza kubadilika, wala ya kuwa chaweza kuondolewa siku yoyote atakayo. Tena nyumbani kulikuwa na maneno. Mumewe aliona kitambaa mkononi, akamwuliza kwa ukali, “Ni nani aliyekupa ruhusa?” Ndipo yule mama akasema neno ambalo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Alisema, “Yeye ananiuliza nilimwomba nani ruhusa, na nesi hakuniomba ruhusa mimi.”

Wasomaji wetu walitafakari neno hilo. Hapo walikuwapo watu wawili, muuguzi na mume. Kila mmoja alijiona kuwa na haki ya kuamua, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Muuguzi alitaka mema; alimwona mama amechoka, akakumbuka wale aliowaona wakitokwa damu mpaka kufa kwa kuzaa mfululizo bila kupumzika. Mume naye hakuwa mtu mbaya; ndiye aliyesukuma pikipiki matopeni. Lakini kati ya hao wawili mwenye mkono hakuulizwa.

Sasa turudi kwa yule mwenye karatasi. Je, mama alimdanganya aliposema ameridhika? Sisi hatuoni hivyo. Alisema kweli, ila kweli ile ilikuwa ni ya jambo lingine. Aliulizwa habari ya huduma, akajibu habari ya uhai. Alikuwa ametoka mzima, na mtoto wake mzima kifuani. Ni nani ambaye hangeshukuru? Shukrani ya namna hiyo ni njema na ni ya haki. Walakini haituambii kama alifahamishwa, kama alisikilizwa, wala kama alitendewa kwa heshima.

Tena ziko sababu nyingine za kushukuru. Moja ni hofu. Zahanati ni moja tu, na mwaka ujao mtoto atashikwa na homa. Nani atapenda kuandikwa kuwa ni mlalamikaji? Nyingine ni kutoona. Mtu ambaye maisha yake yote amekunywa maji ya dimbwi hawezi kusema kwamba maji yake ni mabaya, kwa maana hana ya kuyalinganisha nayo. Mama aliyezoea kukaripiwa katika kila uzazi, siku asipokaripiwa sana atasema alitendewa vizuri. Basi kuridhika kwa mtu ambaye hajapata kuonyeshwa kingine ni kipimo kifupi sana.

Jambo hili halikusemwa na sisi peke yetu. Wataalamu walifanya uchunguzi katika hospitali na vituo vya afya vya mkoa wa Tanga, wakautoa kwa chapa mwaka 2014. Waliwauliza akina mama waliokuwa wakitoka baada ya kujifungua kama walipatwa na jambo la kuwavunjia heshima, kama kutukanwa, kupigwa, au kuachwa peke yao. Katika kila mia, kumi na tisa walikubali. Kisha baadhi yao wakafuatwa majumbani baada ya majuma kadhaa, wakaulizwa tena. Sasa katika kila mia waliokubali walikuwa ishirini na wanane. Mambo yaliyotendeka yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mahali pa kuulizwa na siku za kufikiri. Mama akiwa kwake, mtoto akinyonya, hofu imepungua, ndipo akumbukapo yaliyompata na kuyaita kwa jina lake.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili: shukrani haitoshi kuwa ushahidi wa kuridhika, wala kuridhika hakutoshi kuwa ushahidi wa hiari. Mtu aweza kuridhika na jambo ambalo hakulichagua, kama mtoto aridhikavyo na chakula alichopewa. Lakini mtu mzima si mtoto, na kumlisha mtu mzima kama mtoto ni kumpunguzia utu, hata kama chakula chenyewe ni kizuri.

Basi hiari ni nini? Twaona ina nguzo tatu, na ikikosekana moja nyumba haisimami. Ya kwanza ni kujua: mtu aelezwe jambo kwa lugha aisikiayo, faida yake na madhara yake. Ya pili ni kuwako kwa mambo ya kuchagua, yaani yawepo mawili au zaidi. Ya tatu, ambayo husahauliwa, ni kuweza kusema “sitaki” bila kuadhibiwa.

Tuzipime nguzo hizo hapa kwetu. Mkoa wa Katavi ulifanywa mwaka 2012, ulipotengwa na Rukwa. Hesabu ya watu ya mwaka huo ilipata watu zaidi ya 560,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilipata zaidi ya 1,150,000. Yaani katika miaka kumi tumekuwa mara mbili. Wamekuja wafugaji na ng'ombe zao, wamekuja wakulima wa mpunga na tumbaku. Na kule Katumba na Mishamo wako wale waliotoka Burundi baada ya vita vya mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wenzetu. Zahanati zimeongezeka, lakini watoto wameongezeka upesi zaidi, na vijiji viko mbali mbali. Mtu wa ukingoni mwa ziwa kule Karema akitaka hospitali ya Mpanda ana safari ya zaidi ya kilometa mia moja. Basi nguzo ya pili, kuwako kwa mambo ya kuchagua, kwetu ni nyembamba. Mama hachagui kati ya hospitali tatu. Mara nyingi huchagua kati ya zahanati moja na nyumba yake.

Je, mahali penye tabibu mmoja hiari imekufa? Hapa twamkumbuka Adrian Atiman, ambaye wazee wa Karema humtaja hata leo. Alizaliwa Afrika ya magharibi, akaibwa utotoni akauzwa utumwani, kisha akakombolewa, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mnamo mwaka 1889, akawatibu watu wa huku kwa miaka 67, hata alipokufa mwaka 1956. Katika siku zile mgonjwa wa Karema hakuwa na tabibu wa pili wa kumwendea. Lakini hata palipo na tabibu mmoja yako mambo mawili ya kuchagua, nayo ni kukubali na kukataa. Hayo hayahitaji fedha, wala jengo, wala barabara. Yahitaji tu kwamba mwenye dawa amwulize mwenye mwili, kisha angoje jibu. Umaskini wetu waweza kutunyima hospitali ya pili. Hauwezi kutunyima swali moja.

Na nguzo ya tatu? Hapa twapaswa kusema kwa uwazi. Katika vijiji kadhaa vya Tanzania zimewekwa sheria ndogo, kwamba mama ajifunguaye nyumbani atozwe faini. Tena mahali pengi mjamzito akienda kupimwa mara ya kwanza bila mumewe, huambiwa arudi amlete, au alete barua ya mwenyekiti. Nia ya desturi hizo ni njema: ya kwanza ni kuzuia vifo, na ya pili ni kuwavuta waume wapimwe pamoja na wake zao. Lakini fikirini habari ya mama ambaye mume wake yuko kambini kwa wavuvi, au amemkimbia, au hayuko kabisa. Yeye huadhibiwa kwa kosa la mtu mwingine. Na yule aliyezalia njiani kwa sababu mto ulijaa, akitozwa faini, huogopa hata kumpeleka mtoto kuchanjwa. Mahali ambapo “sitaki” au “sikuweza” lina bei, neno “nataka” nalo halina maana kamili.

Sasa twajua wako wasomaji watakaotupinga, nao wana hoja, wala si haki kuzipita.

Wa kwanza atasema, “Mwalimu, hujui hatari ya mambo haya. Muuguzi amesoma, mama hakusoma. Ukimpa asiyejua kuchagua, atachagua kifo.” Hoja hii ina uzito. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto mia waliozaliwa Tanzania, 63 walizaliwa hospitalini au vituoni. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 81. Na vifo vya akina mama kwa ajili ya uzazi, ambavyo uchunguzi wa kwanza ulikadiria kuwa 556 katika kila watoto laki moja waliozaliwa hai, ule wa pili ulivikadiria kuwa 104. Hatuna budi kushukuru kwa hayo, na mtu ambaye angewashauri akina mama waache zahanati angekuwa adui yao.

Lakini hoja hiyo yachanganya maswali ya namna mbili. Mtu akijenga nyumba humwita fundi. Fundi ndiye ajuaye kama msingi ni imara, kama boriti itachukua uzito wa paa. Mwenye nyumba akibishana naye juu ya boriti, ni mjinga. Lakini fundi akijenga vyumba viwili mahali pa vinne, kwa kuwa yeye aona viwili vyatosha, amevuka mpaka. Kwa maana si yeye atakayelala humo. Ndivyo ilivyo katika uzazi. Kwamba damu inamtoka mno, kwamba mtoto amekaa vibaya, kwamba presha imepanda, hayo ni maswali ya boriti, nayo ni ya muuguzi na daktari. Lakini kwamba mama azae tena au apumzike, apumzike kwa njia gani na kwa muda gani, aingie na nani chumba cha uzazi, hayo ni maswali ya vyumba. Elimu ya muuguzi humwezesha kuyaeleza, haimpi kuyaamua.

Na hata katika maswali ya boriti, fundi mwema humwambia mwenye nyumba afanyacho. Upo wakati ambao hakuna nafasi ya kueleza. Mama amezimia, na kila dakika ina thamani. Hapo daktari atende, nasi tutamshukuru. Lakini dharura isigeuzwe kuwa desturi ya kila siku. Yule jirani yetu hakuwa amezimia. Alikuwa ameketi kitandani, akinywa uji, na dakika kumi za maneno zilikuwapo.

Wa pili atasema, “Hayo ya kila mtu kuchagua lake ni mambo ya Ulaya. Kwetu mtoto ni wa ukoo. Mume ametoa mahari, wakwe wanangoja wajukuu. Mwanamke hawezi kuamua kana kwamba ameota peke yake kama uyoga.” Hoja hii nayo twaiheshimu, kwa kuwa sisi hatuamini kwamba mtu huishi peke yake. Lakini tutofautishe shauri na amri. Zamani mwanamke alipokaribia kuzaa alizungukwa na mama, shangazi, na mkunga wa kijiji, na kila mmoja alikuwa na neno. Hilo lilikuwa shauri, na shauri humpa mtu nguvu. Amri humwondolea. Mume kumwambia mkewe, “Mimi napenda tupate mtoto mwingine, wewe waonaje?” ni shauri. Kumwambia, “Ni nani aliyekupa ruhusa?” ni amri. Na uchungu wa mwana, kama tujuavyo sote, aujuaye mzazi. Si haki kwamba yule ajuaye uchungu ndiye asiwe na sauti, na wasioujua wawe na sauti mbili.

Wala si kweli ya kuwa jambo hili ni la Ulaya tu. Mwaka 1994 mataifa 179, na Tanzania ikiwa mojawapo, yalikutana Cairo, mji wa Afrika, yakakubaliana ya kuwa watu na wenzi wao wana haki ya kuamua kwa hiari idadi ya watoto wao na nafasi kati yao. Na miongozo ya Serikali yetu haimdai mke alete ruhusa ya mumewe ili apewe njia ya uzazi wa mpango kama kijiti. Yahimiza tu kwamba wafahamishwe wote wawili, jambo ambalo nasi twalihimiza.

Hapa twaongeza neno moja kwa wenzetu Wakristo. Ziko nyumba ambazo, kwa dhamiri na mafundisho ya kanisa lao, hazitaki dawa wala kijiti, bali hufuata kuhesabu siku. Wengine huogopa ya kuwa tukisema habari ya hiari twawapiga hao vita. La, sivyo. Hiari ndiyo ngao yao. Muuguzi awezaye kumtia mmoja kijiti bila kumwuliza, aweza kumtia na yule ambaye dhamiri yake inakikataa. Mlango unaomlinda mmoja ndio umlindao mwenzake.

Wa tatu atatuuliza swali gumu kuliko yote, nalo hatutalikwepa. Atasema, “Ikiwa mama atachagua kuzalia nyumbani, akafa, mtasema nini? Je, hiari yake itawanyonyesha watoto?” Hatuna jibu jepesi. Twakiri kwamba hiari yaweza kumfikisha mtu kwenye hasara, na hasara hiyo huwaangukia wasiochagua. Lakini kabla ya kusema “alichagua,” twapaswa kuuliza alikuwa akiikimbia nini. Huko Kasulu, katika mkoa jirani wa Kigoma, wataalamu waliwauliza wanawake zaidi ya elfu moja ni kituo cha namna gani wangependa kujifungulia, wakauchapa uchunguzi wao mwaka 2009. Walitajiwa mambo mengi: umbali, gharama, usafiri, dawa na vyombo, na tabia ya wahudumu. Yaliyokuwa na uzito kuliko mengine yalikuwa mawili: mhudumu mwenye heshima, na kuwako kwa dawa na vyombo. Mambo hayo yaliushinda hata umbali.

Basi tazameni. Mwanamke wa kijijini, ambaye twasema hajui kuchagua, alipopewa nafasi alichagua kwa akili kabisa. Alitaka dawa, naye alitaka heshima. Kwa hiyo mama aliyebaki nyumbani kwa kuwa safari iliyopita alitukanwa mbele ya watu, huyo hakuchagua hatari, aliikimbia aibu. Kumtoza faini ni kumlipisha yeye deni la mwingine. Dawa yake ni kuufanya mlango wa zahanati uwe mlango ambao mtu angependa kuuingia. Wala hatuwalaumu wauguzi peke yao. Wengine huwa mmoja kwa zamu nzima ya usiku, taa haina mafuta wala umeme, wajawazito watatu kwa mara moja. Mtu aliyechoka hana maneno mazuri. Anayetaka muuguzi awe mpole na apiganie aongezewe mwenzake.

Tusisahau pia binti zetu. Uchunguzi ule wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha ya kuwa katika Katavi, kati ya kila wasichana mia wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Kwa nchi nzima walikuwa 27. Katika mikoa yote ya uchunguzi ule, hakuna uliotupita. Twawezaje kutumaini kwamba mtoto wa miaka kumi na sita, aliyefunzwa tangu utoto kwamba kuuliza ni utovu wa adabu, atauliza siku ya kwanza alipo juu ya kitanda cha uzazi? Hiari haiotei zahanati. Huoteshwa nyumbani na shuleni, mtoto anapoulizwa waonaje, naye akisikilizwa. Hapo sisi walimu tuna hatia yetu, maana tumezoea kumsifu yule akaaye kimya.

Basi tufanyeje? Hatupendi kumaliza na maneno matupu. Wenye kuuliza habari za huduma wasiulize mlangoni tu, “Umeridhika?” bali wamfuate mama nyumbani baadaye, wamwulize, “Uliambiwa nini kabla ya kutendewa? Ungependa dada yako ahudumiwe vivyo hivyo?” Wauguzi waeleze mambo ya kupanga uzazi siku za kliniki, mama akiwa na nafasi ya kurudi nyumbani na kufikiri, wasingoje saa ambayo amechoka na hana nguvu ya kusema la. Waume waende pamoja na wake zao, wakisikilize kwa masikio yao, wasingoje kuuliza kwa ukali. Halmashauri za vijiji zizitazame tena zile faini, zijiulize zinamwadhibu nani. Na akina mama wasione haya kuuliza maswali matatu mafupi: Ni nini hiki? Kina faida na madhara gani? Nikikataa, iko njia gani nyingine?

Yule jirani yetu aliyauliza. Mama wa nyumba alimsindikiza, na mume wake, baada ya kunung'unika siku mbili, akafuata nyuma. Walimkuta muuguzi mwingine, mtu mzima, akawakalisha wote wawili akawaeleza: ni cha miaka mitatu, damu yaweza kubadilika, akitaka kitolewe leo kitatolewa leo, na njia nyingine ni hizi na hizi. Mume aliuliza maswali mengi kuliko mkewe. Kisha muuguzi akamgeukia yule mama, akamwambia, “Sasa ni shauri lako, mama. Nikitoe?” Kwa muda wakanyamaza wote. Naye akasema, “Kiache.”

Mwenye kutazama kwa macho tu angesema hakuna kilichobadilika. Kijiti ni kile kile, mkono ni ule ule, na miaka ni ile ile mitatu. Hata karatasi ya yule mwulizaji ingetiwa alama ile ile. Lakini sisi tuliowaona wakirudi, mume ametangulia na mtoto mikononi, na mama nyuma akicheka na mama wa nyumba, tuliona ya kuwa jambo kubwa limebadilika. Juma la kwanza mama alikuwa amewekewa kitu. Sasa alikuwa nacho.

Methali ya jembe twaiachia shamba. Mwili wa mtu si jembe la kuazimwa. Wasomaji wetu walio na fikira nyingine juu ya jambo hili, hasa akina mama ambao sauti yao ndiyo iliyokosekana, na watuandikie, tutafurahi kusahihishwa.